Barua ya wazi kwa wakubwa wetu: mbona fitra yafika usiku mmoja na bajeti haifiki mwaka mzima?

Assalaam alaykum waheshimiwa. Barua hii ni ya Gavana wa Lamu, ya ma-MCA, yaani wawakilishi wetu wa bunge la kaunti, wote wa wadi kumi na wale wa kuteuliwa, ya Seneta wetu, na pia ya wale wakubwa wa Hazina Kuu na Tume ya Ugavi wa Mapato kule Nairobi, ambao pengine hawajawahi kukwama pale Mkanda, ule mfereji wetu wa bahari, maji yakitoka wakakaa kwenye boti masaa matatu wakingojea yajae tena. Mimi ni mtu wa boti. Uchumi wa chuo kikuu sikusoma, nilisoma madrasa, halafu nikasomeshwa na bei ya petroli, na hao walimu wawili wamenitosha kuandika haya.

Nianze na kitu mnachokijua. Usiku wa kuamkia Idd hapa Langoni mimi hukaa barazani kwa ami yangu, na kazi yetu ni kupima fitra, ile zaka ya chakula ya mwisho wa Ramadhani. Mchele uko kwenye gunia, pishi iko mkononi, kila kichwa cha nyumba pishi moja, mtoto wa jana naye pishi moja. Vijana wa madrasa wanakuja na mikoba, wanaambiwa hii peleka kwa yule mama mjane nyumba ya tatu baada ya kisima, hii ya yule mvuvi aliyevunjika mkono msimu uliopita wa kusi, ule upepo wa kuchafua bahari, hii mbili mbili pale kwa wale watoto wanaolelewa na nyanya yao. Hakuna anayejaza fomu. Mtaa wajua. Mwaka mmoja kijana alikosea mlango akapeleka kwa mtu mwenye duka, yule mwenye duka mwenyewe akarudi nayo mkoba kichwani akicheka, akasema jamani mwanitafutia dhambi usiku mkubwa kama huu. Na kabla imamu hajasimama kwa swala ya Idd kila kitu kimefika, maana dedilaini yenyewe ndiyo hiyo, ukitoa baada ya swala yahesabiwa sadaka tu kama sadaka nyingine, fitra imekupita.

Sasa mimi sijawahi kusikia hata siku moja mtu akasema tukusanye mchele wote wa Langoni tupakie boti mpaka Mokowe, halafu lori mpaka Nairobi, uwekwe pamoja na wa watu wengine, ukae, ukaguliwe, upitishwe, halafu Shaaban ya mwaka ujao turudishiwe nusu gunia na barua ya kuombwa radhi. Lakini pesa za umma ndivyo zinavyosafiri.

Na nisiwafiche, naandika nikiwa na uchungu wangu kidogo. Kuna ofisi moja ya serikali, sisemi ni gani wala sisemi ni ya kaunti au ya Nairobi, sikuja kusengenya mtu, iliniita nibebe wafanyakazi wake na makatoni yao kuzunguka visiwani, Mtangawanda, Faza, Kizingitini, mpaka Ndau na Kiwayu. Nikapewa LPO, ile karatasi ya serikali ya kuagiza kazi, nikafurahi, nikachukua petroli kwa deni kwa rafiki yangu, nikazunguka siku kadhaa na bahari ilikuwa chafu. Mpaka leo nikienda naambiwa pesa hazijashuka kutoka juu. Nikauliza juu wapi, karani akanionyesha dari. Mwenye petroli yeye hana dari ya kunionyesha, yeye ataka pesa yake. Mamangu alivyoniona nazunguka na ile karatasi akaniuliza, mwanangu, hizo pesa kwani zaja na dau lisilo tanga?

Mtume sallallahu alayhi wasallam amesema mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhuluma, na amesema mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho langu lilishakauka, nguo ikafuliwa, ikachanika, imekuwa tambara la kufutia injini.

Turudi kwenye jambo lenyewe, ugatuzi wa pesa. Kabla mtu hajaniruka, sisemi kaunti ikusanye zaka, zaka ni ibada na kodi ni kodi, na Lamu hii ni ya watu wa dini zote, kuna ndugu zetu wa Mpeketoni, wa Witu, wa Hindi, na kodi twalipa sote. Ninachokitaka ni ile kanuni iliyo ndani yake, maana Waislamu walifikiria haya mambo ya nani akusanye na itumike wapi kabla hakujawa na neno ugatuzi. Muadh bin Jabal, swahaba, alipotumwa Yemen na Mtume aliambiwa zaka ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa maskini wao. Wao, watu wa Yemen, si wa Madina. Halafu enzi ya ukhalifa wa Sayyidna Umar, Muadh akatuma thuluthi ya ile zaka Madina, na Umar badala ya kushukuru akamkasirikia, akamwambia sikukutuma uwe mkusanya kodi, nilikutuma uchukue kwa matajiri wa watu urudishe kwa maskini wao. Muadh akajibu, sikukuletea kitu huku kuna mtu hapa wa kukipokea. Mwaka wa pili akatuma nusu, mwaka wa tatu akatuma yote, maana huko kwake hakupata tena wa kumpa. Mwaona utaratibu huo? Ziada ndiyo inayopanda kwenda makao makuu, kinachobaki baada ya watu kutosheka. Kwetu ni kinyume, chote chapanda kwanza kisha sisi twangojea kitakachoshuka.

Na sisi watu wa pwani ni madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii jambo hili ni zito hasa, zaka kuihamisha mji na wanaostahiki wapo haifai. Mahanafi wamelegeza kidogo, wanasema ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza, isipokuwa kwa jamaa yako au kwa mwenye shida zaidi. Hiyo yote ni kwamba mafakihi walikaa wakabishana umbali wa pesa kutembea kutoka kwa mtu maskini! Mimi nikifikiria hilo nikiwa kwenye boti huwa nacheka peke yangu, maana leo anayehesabu huo umbali ni mimi tu, kwa lita.

Kuna rafiki yangu barazani, mwalimu, mtu wa kubishana, alinikata hapo hapo. Akasema ukishika kanuni hiyo sawasawa basi Nairobi wakae na kodi zao na sisi Lamu tule mikoko. Na kweli, alinibana. Tunachokusanya wenyewe hapa, ushuru wa soko na leseni za biashara na kodi za viwanja, ni kidogo sana mbele ya kile kinachotoka Hazina. Lakini nilimjibu, na jibu nawapa na nyinyi: mambo hayo yana mkono wa pili. Mwaka wa 18 Hijria, ule mwaka wa majivu, ukame ulipopiga Hijazi, Umar aliwaandikia barua magavana wake wa mbali, akaandika Sham kwa Abu Ubayda, leteni chakula, na misafara ikaja. Kwa hiyo mji ukitosheka humsaidia mwenzake aliyekwama, na hakuna aliyesema Hijazi wakae na mchanga wao. Na aya ya 7 ya Suratul Hashr imeeleza sababu, mali isiwe inazunguka baina ya matajiri peke yao. Katiba yetu ya 2010 nayo imejaribu kubeba mikono yote miwili, kifungu cha 203 kinasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na cha 204 kikaweka ule Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja, kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma, maji, barabara, afya, stima. Lamu tulikuwa kwenye ile orodha ya kwanza ya kaunti 14. Mfuko huo ulipewa umri wa miaka 20, yaani 2030 hapo, na mimi naomba yule anayeujua ulipopita huku visiwani anichukue akanionyeshe, boti ninayo.

Hiyo asilimia 15 nayo ina mtego wake. Yahesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na zikapitishwa na Bunge la Taifa, si kwa kilichokusanywa mwaka huu, kwa hiyo bunge likichelewa kuzipitisha basi sisi twagawiwa kwa mapato ya zamani na bei za madukani ni za leo. Zaka ina hauli, mwaka ukitimia wahesabu ulicho nacho sasa. Mtu akimwambia sheikh mimi nitatoa kwa mali niliyokuwa nayo miaka ile kabla biashara haijapanuka, atafukuzwa msikitini.

Lakini waheshimiwa, na hapa baadhi ya watu wa kwetu watanichukia, mimi siamini tena kwamba shida yetu yote ni Nairobi. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Sensa ya 2019 ilitukuta watu 143,920, kaunti ndogo kuliko zote kwa watu. Mwaka wa fedha wa 2021/22 kaunti zote 47 zilipewa bilioni 370, na Lamu tukapata bilioni 3.1 na kitu, fungu dogo kuliko yote, na hapo ndipo sisi sote huanza kulia. Sasa gawanya kwa kichwa. Kila mtu wa Lamu ni kama shilingi 21,500. Chukua zile bilioni 370 ugawe kwa Wakenya wote, hazifiki 8,000 kwa kichwa. Yaani ile fomula ya tatu ya kugawia kaunti pesa, iliyowafanya maseneta wakae vikao baada ya vikao 2020 mpaka watu wakawachoka, ilikuwa imetupendelea, kwa sababu asilimia 20 yake ilikuwa ni fungu la sawa kwa kila kaunti, ndogo na kubwa, na idadi ya watu ilikuwa 18 tu, halafu umaskini 14. Ni kweli visiwa vina gharama, mfuko wa simiti ukifika Kizingitini umeshapanda punda, lori na boti, bei yake haifanani na ya Malindi. Hilo mimi nitalitetea mbele ya mtu yeyote. Lakini mara tatu kasoro kidogo ni nyingi, na nikiteremka pale Mtangawanda nikapanda bodaboda mpaka Siyu mimi siioni hiyo tatu.

Kwa hiyo swali langu limegeuka. Nilikuwa nauliza Nairobi wametupa ngapi, sasa nauliza zikishavuka daraja la kaunti zaenda wapi na nani aliamua. Kati ya kaunti na kaunti kuna fomula, imeandikwa, imebishaniwa hadharani, umaskini una alama zake, eneo lina alama zake. Ndani ya kaunti? Katiba haisemi Faza ipate ngapi, Kiunga ngapi, Basuba ngapi. Inasema tu kwenye kifungu cha 176 kwamba serikali ya kaunti nayo igatue kazi na huduma zake kadiri inavyowezekana. Kadiri inavyowezekana, hilo neno lina mlango mpana, hata jahazi lapita. Ndugu zetu Waaweer wa msitu wa Boni kule Basuba, ni wachache, kura zao hazimuingizi mtu ofisini, sasa kama hakuna alama za umaskini kwenye karatasi zenu nani atawapimia pishi yao? Tumelia miaka Nairobi imekaa na pesa zetu, kisha tukajenga Nairobi yetu ndogo tukaiita makao makuu.

Kuhusu mishahara nitasema kwa adabu. Kwenye aya ya 60 ya Suratut Tawba mafungu ya zaka ni manane na fungu moja ni la wale wanaoikusanya, kwa hiyo hakuna anayekataa mfanyakazi alipwe. Imamu Shafii akawawekea mpaka, thumni, moja kwa nane, asilimia 12 na nusu. Kanuni zetu za fedha za kaunti zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Najua, najua, nesi wa zahanati si mkusanya zaka, yeye mwenyewe ndiye huduma, na mimi nataka manesi wawe wengi zaidi, haswa visiwani usiku mama akishikwa na uchungu. Siwasemi hao. Nawasema wale wa safari na semina, wale ambao kazi yao ni kuisimamia kazi ya msimamizi. Kuna yule bwana Mtume alimtuma kukusanya zaka akarudi akasema hii yenu na hii nimepewa mimi zawadi, Mtume akapanda mimbari akauliza, mbona hakukaa nyumbani kwa babake au mamake tuone kama atapelekewa zawadi? Na Umar yeye alikuwa akiandika mali ya kila gavana siku anayomteua, akitoka na ziada isiyoelezeka nusu yachukuliwa. Fomu za mali hata sasa mwajaza. Twaomba tu zisomeke.

Na bandari mpya ya Lamu nayo siwezi kuipita. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, meli kubwa zimeingia, mimi nikipita na boti yangu naonekana kama kifuu cha nazi. Wavuvi waliopoteza maeneo yao walienda mahakamani Malindi na 2018 mahakama ikasema walipwe shilingi bilioni 1.76, hadithi ya malipo yenyewe ni ndefu siianzi leo. Ninachouliza ni baada ya hapo. Umar alipopata ardhi ya Iraki askari walitaka wagawiwe pale pale, akakataa, akasema na wale watakaokuja baadaye watapata nini, akaiacha mikononi mwa wenyeji na kharaji yake, yaani kodi ya ardhi, ikawa ya watu wote na wa baadaye. Fidia ni ya mvuvi wa leo. Mtoto wake wa madrasa, ambaye hatapata kuvua pale Kililana ilipo bandari, fungu lake katika mapato ya bandari liko kwenye sheria gani? Wakubwa wa Nairobi hili ni lenu nyinyi.

Kitu kingine ambacho nina hakika mwanauchumi wenu hajakiwaza kwa sababu haendi baharini. Mwaka wa fedha waanza Julai mosi, kusi liko juu. Pesa zachelewa, zachelewa, kaskazi laja bahari imetulia kama sinia, ndio wakati wa kubeba kokoto na mchanga na mbao kupeleka visiwani, na pesa hazijashuka. Zashuka mwisho mwisho, Mei au Juni, na kila ofisi yakimbizana izitumie kabla mwaka haujafunga, na hapo kusi limerudi na hakuna nahodha mwenye akili atakayepakia tani za kokoto avuke nazo. Basi zatumika palipo karibu, palipo na barabara. Hakuna aliyepanga kuwanyima watu wa Kiwayu, ni kalenda tu. Zaka za mazao zatolewa siku ya mavuno, si siku iliyompendeza karani.

Sasa ninachotaka. Nataka ile fomula ya ndani ya kaunti iandikwe, kwa alama, umaskini na umbali wa bahari vikiwemo, ibandikwe kwenye ukuta wa kila jeti kwa Kiswahili na tarakimu kubwa, wadi hii ngapi, zimefika ngapi, lini. Ushuru unaochukuliwa kwenye soko au diko fulani, pale boti zinaposhushia samaki, sehemu yake ijulikane na ibaki hapo hapo, hata kama ni ya kununua taa na barafu ya samaki, mvuvi akitoa shilingi aione. Madeni ya watu wadogo yalipwe kwanza, wenye boti, mama wa chakula, fundi, kabla ya kontrakta mkubwa ambaye ana wakili. Na zile hesabu za taifa wabunge wetu wazipitishe kwa wakati, hiyo ni kazi tuliyowatuma.

Kuna mtu mmoja aliyetumwa kukusanya zaka, Imran bin Husain, alirudi mikono mitupu wakamuuliza pesa ziko wapi. Akawajibu, kwani mlinituma nilete pesa? Tulizichukua pale tulipokuwa tukizichukua enzi ya Mtume na tukaziweka pale tulipokuwa tukiziweka. Mimi natamani siku moja nimwone afisa wa mapato akirudi kutoka Kizingitini mikono mitupu hivyo, na nyuma yake diko lina taa.

Kikao cha maoni ya bajeti cha mwaka ujao mkifanyie Faza, waheshimiwa, na mpige hesabu ya maji kwanza, iwe bamvua, maji makubwa, tutoke alfajiri tuvuke Mkanda maji yakiwa yamejaa. Nitawabeba bure kwenda na kurudi, petroli nitaongeza kwenye lile deni langu kwa rafiki yangu, keshazoea. Ile LPO nitakuwa nayo mfukoni, nimeitia kwenye plastiki isilowe.

Wassalaam,
Mtu wa boti, Langoni, Amu